Galaksi zikigongana, nani anakula gesi yote hiyo?

Kuna galaksi inaitwa Arp 220, na ukitafuta picha zake za zamani, zile zilizopigwa kwa mwanga huu wa kawaida tunaouona kwa macho, utasikitika. Ni doa tu lenye ukungu, katikati limekatwa na utepe mweusi wa vumbi, hata ukimtumia mtu kwa WhatsApp atakuuliza sasa hii ni nini umenitumia. Halton Arp, mwanaastronomia Mmarekani, aliiweka kwenye atlasi yake ya mwaka 1966 yenye galaksi 338 za maumbo ya ajabu ajabu, ikapewa nambari 220, ikakaa hapo. Halafu Januari 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza wakarusha setilaiti ya IRAS, kazi yake kuangalia anga kwa infraredi, ile miale ya joto. Ilifanya kazi miezi 10 tu mpaka heliamu ya kuipoza ikaisha, lakini ilitosha, manake lile doa lilionekana linatoa nguvu kushinda jua trilioni moja, karibu yote kwa infraredi, na tena liko jirani kwa vipimo vya mambo haya, miaka ya nuru milioni 250 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Njia Nyeupe, galaksi yetu hii, na nyota zake zote zaidi ya bilioni 100, haifikishi hata sehemu ya kumi ya hapo.

Sasa hiyo nguvu yote inatoka wapi? Watu wamebishana juu ya hili miaka 40, na mi nadhani ubishi wenyewe ndo mtamu kuliko picha zote za rangi rangi tunazotumiana.

Majibu yalikuwa mawili. La kwanza, ndani mle nyota zinazaliwa kwa wingi wa ajabu. La pili, kuna shimo jeusi kubwa linakula, kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki. Na ukipiga hesabu unaona kwa nini ilikuwa ngumu kuchagua. Nyota inapogeuza haidrojeni kuwa heliamu, katika kila kilo 1,000 ni kilo 7 tu ndo zinakuwa nishati, basi. Lakini gesi inayozunguka shimo jeusi kabla haijatumbukia inasuguana yenyewe kwa yenyewe, inapata joto la kutisha, na katika kilo 1,000 kama kilo 100 zinaweza kutoka kuwa nishati. Kwa hiyo shimo likimeza gesi yenye uzito wa jua moja kwa mwaka, moja tu, linakupa mwanga wa jua trilioni moja na nusu. Kuupata mwanga uleule kwa nyota inabidi galaksi izae nyota zenye uzito wa jua kama 200 kila mwaka, mwaka hadi mwaka, wakati Njia Nyeupe inazaa za uzito wa jua moja au mbili. Moja kwa mia mbili, na kwa mbali joto linalokufikia ni lilelile.

Na vumbi limefunika kila kitu. Vumbi la huko angani ni chembe ndogo ndogo za kaboni na za madini kama ya mchanga, linameza mwanga wa nyota changa na mwanga wa shimo bila kubagua, linapata joto, halafu linautoa upya kwa infraredi. Ni kama kuingia jiko la kuni lililojaa moshi, unahisi moto uko hapa mbele yangu lakini ni kuni ngapi, mafiga mangapi, nani kakaa hapo anachochea, huoni. IRAS ilihisi moto. Nani anachochea haikuweza kusema.

Kwanza turudi nyuma kidogo kwenye huko kugongana kwenyewe, manake neno hili linawapoteza wengi. Galaksi mbili zikigongana nyota hazigongani. Kutoka jua letu mpaka nyota iliyo karibu zaidi, Proxima, ni miaka ya nuru 4.2, na katikati hapo hakuna kitu, kwa hiyo galaksi zinapitana moja ndani ya nyingine na nyota zinapishana salama salimini. Zinachofanyiana ni kuvutana. Mwaka 1972 ndugu wawili wenye asili ya Estonia, Alar na Juri Toomre, waliweka galaksi za kubuni kwenye kompyuta, kompyuta za zama zile ambazo simu yako ya mkononi inazicheka, wakaonyesha kwamba ile mikia mirefu iliyokuwa ikiwashangaza watu kwenye picha za Arp ni mvutano tu umeyafanya hayo, hakuna uchawi. Na mwishoni mwishoni mwa makala yao wakadokeza kitu ambacho wengi hawakukizingatia wakati ule: je, hizi vurugu haziwezi kuwa zinapeleka gesi katikati, zikaulisha moto wa kule ndani?

Zinaweza, na ndivyo inavyokuwa. Gesi haina bahati ya nyota, wingu la gesi likikutana na wingu lingine hawapishani, wanagongana kwelikweli, nishati inatoka kwa joto inapotea. Halafu kuna mtego mwingine ambao watu wa kompyuta waliuonyesha vizuri miaka ya 1990. Ile sahani ya nyota, yaani umbo bapa la galaksi, ikivutwa na galaksi jirani inajinyoosha katikati inakuwa kama mkono mmoja mrefu, gesi nayo inajinyoosha hivyo hivyo ila inakuwa imetangulia kidogo mbele ya nyota, kwa hiyo nyota zinaivuta gesi kwa nyuma, zinaipunguzia mzunguko wake, na gesi iliyopungukiwa mzunguko haina pa kwenda isipokuwa ndani. Gesi iliyokuwa imetandazwa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru inajikuta imesongamana kwenye mamia machache. Arp 220 ni mfano wa kutisha wa hilo. Kule katikati, sehemu yenye upana wa miaka ya nuru 5,000 hivi, kuna gesi sawa na gesi yote ya Njia Nyeupe nzima, na vichane vikubwa vya nyota changa kama 200. Galaksi zenyewe zilianza kugongana kama miaka milioni 700 iliyopita, na viini vyao viwili bado viko, vimeachana miaka ya nuru 1,200 tu.

Sasa gesi ikifika hapo ndo foleni inaanza, na hapa ndo mi nina neno. Tunavyosimuliwa mara nyingi ni kwamba galaksi zinagongana, gesi inamwagika ndani, shimo jeusi linaamka linakula, kwisha. Lakini kutoka miaka ya nuru 500 mpaka kwenye mdomo wa shimo bado ni mbali mno, gesi bado inazunguka, na kila hatua lazima ipoteze tena mzunguko, na njiani kote imebanana kiasi kwamba inajikunja yenyewe inazaa nyota. Nyota ndo ziko mbele ya foleni. Zinakula kwanza, tena zikila zinachafua, nyota kubwa zinapuliza upepo, zinalipuka, zinaitawanya gesi iliyobaki. Shimo linapata kinachopenya. Kidogo mno. Ila kwa ile hesabu ya kilo 7 na kilo 100, hicho kidogo kinang'aa kama karamu ya wengine wote, na ndo maana linajulikana kuliko linavyokula.

Basi utajuaje nani anachochea mle ndani ya moshi? Unatafuta miale inayopenya vumbi. Iko miwili ya maana, eksirei na redio, na ya kwanza ina historia hapa kwetu pwani ambayo nashangaa watu wengi wa Malindi hawaisimulii kila siku.

Eksirei za angani hazifiki chini, hewa yetu inazizuia zote (na tushukuru), kwa hiyo lazima upeleke kifaa juu. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimama ndani ya bahari kaskazini ya Malindi. Kuchagua pale hakukuwa kwa ajili ya samaki wala ufuo, ni kwamba ukirusha karibu na ikweta mzunguko wa dunia unakusukuma bure, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu mbaya ya mnururisho iliyoko juu ya Atlantiki ya kusini ambayo ingevuruga vipimo. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ikapewa jina hilohilo, Uhuru. Ikaleta orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, vingine ni galaksi za mbali zenye viini vinavyokula, na vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei kali, ndo vilisaidia watu kuanza kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli na si hesabu za ubaoni tu. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Na mwaka huohuo 2002, mwishoni, ndo ikatoka habari ya NGC 6240. Hii ni galaksi nyingine iliyo katikati ya kugongana, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 300, imevimba imevurugika, inazaa nyota kwa fujo. Kundi la Stefanie Komossa huko Ujerumani liliielekezea darubini ya Chandra, iliyorushwa 1999, ambayo ni mjukuu wa Uhuru kabisa, manake Giacconi mwenyewe alikuwa kwenye pendekezo lake la mwanzo. Walichokiona ni vyanzo viwili vya eksirei kali, kimoja katika kila kiini, na vyote viwili vina alama ya chuma. Hii alama ndo ushahidi wenyewe: eksirei kali kutoka ukingoni mwa shimo zikipiga gesi ya baridi iliyo karibu, atomi za chuma zilizomo zinang'aa kwa nishati moja maalumu, na kundi la nyota changa peke yake halifanyi hivyo kwa kiasi kile. Mashimo meusi mawili, yote yanakula, ndani ya galaksi moja, yameachana miaka ya nuru 3,000. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana hivyo waziwazi.

Ungedhani mchezo umeisha, shimo limeshinda. Hapana. Mwaka 2018 ikatoka kazi nyingine juu ya NGC 6240 hiyohiyo, ikionyesha upepo wa gesi unaotoka kwa umbo la kipepeo, na walipouchambua wakakuta ni pepo mbili tofauti zinazotoka pande tofauti, ya kaskazini mashariki inasukumwa na mashimo, ya kaskazini magharibi inasukumwa na nyota. Zikichanganywa zinatoa nje gesi yenye uzito wa jua kama 100 kwa mwaka, karibu sawa na kiasi cha nyota kinachozaliwa mle. Yaani wote wawili wanakula sahani moja na wote wawili wanaimwaga. Kwangu kazi hii ina uzito kuliko ile ya 2002, ingawa haikupata kelele hata nusu, labda kwa sababu haina kile kichwa cha habari cha majitu mawili yanakaribiana.

Arp 220 yenyewe? Huko eksirei zimekwama. Kiini chake cha magharibi kimefunikwa na gesi nzito kiasi kwamba hata eksirei kali hazitoki sawasawa, na darubini ya NuSTAR, iliyotengenezwa hasa kwa eksirei kali, haikuweza kuthibitisha kwamba kuna shimo linalokula pale. Redio ndo ilisaidia. Mwaka 1998 watafiti walitoa matokeo ya kuunganisha darubini za redio za mabara tofauti zikafanya kazi kama moja, wakaona ndani ya kiini nukta zaidi ya kumi zinazong'aa. Supanova. Nyota kubwa zilizolipuka, moja jirani na nyingine, na zimeendelea kutokea mpya kila walipoangalia tena. Njia Nyeupe inatoa supanova moja au mbili kwa karne, kule ni kadhaa kwa mwaka. Nyota kubwa haiishi muda mrefu, kwa hiyo ukiona zinakufa kwa kasi hiyo ujue zinazaliwa kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya moto wa Arp 220 ni nyota, hilo mi naona limeshakaa, na kama kuna shimo linalokula chini ya blanketi lile basi ni mchangiaji, si mwenye shughuli.

Redio ina jambo jingine ambalo nalipenda mno. Ukiwa na vumbi la moto na gesi nyingi namna hiyo, molekuli za haidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja, zinapokea ile infraredi zinajaa nishati, halafu wimbi la redio la sentimita 18 likipita linakuzwa mara nyingi sana. Vyanzo hivyo vinaitwa megameza, na ya kwanza ya haidroksili ilionekana kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico, mwaka 1982, na ilitoka wapi? Arp 220. Kwa hiyo ukipata megameza ya aina hii mbali kabisa, karibu una hakika umepata galaksi zinazogongana hata kama huzioni. Aprili 2022 darubini ya MeerKAT, zile dishi 64 za jangwa la Karoo kule Afrika Kusini, ilitangazwa kuwa imeipata moja umbali wa miaka ya nuru bilioni 5, tena kwenye usiku wa kwanza tu wa utafiti uliopangiwa zaidi ya saa 3,000. Wakaipa jina la Kizulu, Nkalakatha, bosi mkubwa. Jina limekaa.

Halafu ndo ikaja darubini ya angani ya Webb, na Webb ina faida mbili kwa pamoja, inaona infraredi inayopenya vumbi na inaona kwa ukali ambao IRAS haikuota. Sitazitaja galaksi zote ilizopiga, picha unazijua, ila mbili zinanihusu. Moja ni II Zw 96, umbali wa miaka ya nuru milioni 500. Ukiangalia kwa mwanga wa kawaida unaona viini vya galaksi mbili vizuri tu na unasema basi nguvu itakuwa hapo. Lakini vipimo vya infraredi vinaonyesha sehemu kubwa ya nguvu inatoka kwenye kidonge kidogo kilichojificha pembeni, nje ya viini vyote viwili, na Webb ikakibana ikaonyesha ni kidogo kweli, chini ya miaka ya nuru 600 kutoka katikati yake mpaka ukingoni. Ile picha safi niliyoieleza juu, ya gesi kumiminika katikati kwa adabu, hapo inavunjika. Gesi inarundikana pale vurugu zinapoipeleka, na pahala pale si lazima pawe kitovu cha mtu yeyote.

Ya pili ni NGC 7469, miaka ya nuru milioni 220, ambayo ina jirani wa kuvutana naye anaitwa IC 5283. Katikati kuna shimo linalokula kwa nguvu, na umbali wa kama miaka ya nuru 1,500 kutoka kwenye shimo kuna pete ya nyota zinazozaliwa, inang'aa ajabu. Hii ni maabara tupu, manake una wote wawili, karibu karibu, na safari hii vumbi halikuzuii kuwatenganisha. Kuna nadharia inayopendwa sana, kwamba shimo likila sana upepo wake unafukuza gesi na kuua uzazi wa nyota wa galaksi nzima. Upepo upo kweli, Webb imeuona unatoka na unapungua kasi unavyoenda mbali. Lakini walioipima gesi ya kwenye pete hawakuona kwamba shimo linaisumbua kwa kiasi cha maana, nyota zinaendelea kuzaliwa pale kama hakuna jirani mkali. Sisemi nadharia imekufa, kwenye galaksi zenye kwasa, ambako shimo linang'aa kushinda galaksi nzima, hali ni nyingine. Ila hadithi ya shimo jeusi kama jambazi linalomaliza kila kitu inahitaji kupunguzwa chumvi.

Na sisi? Watu huuliza kila mara. Andromeda iko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa na kwa miaka mingi tuliambiwa kugongana ni lazima, baada ya miaka bilioni 4 au 5. Mwaka 2025 kundi la Helsinki likarudia hesabu na vipimo vipya, likiweka na mvutano wa galaksi ndogo za jirani, likapata ni nusu kwa nusu tu ndani ya miaka bilioni 10. Hata ikitokea sitarajii Arp 220 nyingine, gesi itakuwa imepungua sana kufikia hapo.

Mashimo yenyewe yakishakutana ni habari ndefu nyingine. Yanashuka kuelekeana kwa sababu nyota na gesi zinayapunguzia mwendo, lakini yakibakisha miaka ya nuru michache nyota za karibu zinakuwa zimeshatupwa nje zote na hakuna tena cha kuyapunguzia, tatizo ambalo Begelman, Blandford na Rees walilieleza tangu 1980. Gesi inaweza kuwa ndo inayasaidia kumaliza safari, ileile iliyobaki baada ya nyota kula. Na inaonekana mengi yanamaliza, kwa sababu Juni 2023 makundi ya Marekani, Ulaya, India, Australia na China yanayosikiliza pulsa, nyota zile zinazopiga mapigo kwa saa isiyokosea, yalitangaza kwamba mapigo yanachelewa na kuwahi kwa mpangilio unaofanana na mvumo wa mawimbi ya mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe vitu vizito vikizungukana, kutoka kila upande, na chanzo kinachoelekea zaidi ni jozi za mashimo makubwa kama haya. MeerKAT nayo ikaleta vipimo vyake mwisho wa 2024. Ulaya wameshapitisha LISA, setilaiti tatu zitakazoelea mbalimbali kilomita milioni 2.5 zikipimana kwa leza, za kurushwa miaka ya 2030, na hizo zitasikia mashimo ya uzito wa jua milioni kadhaa yakiungana palepale yanapoungana. Yale mawili ya NGC 6240 hayamo kwenye orodha, hayo bado yana mamia ya mamilioni ya miaka.